Vibati vya Kitanda cha Kumi na Nne

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa vitu vitatu: kofia ya kaki iliyonipwaya, kengele ya mkono, na ubao uliojaa misumari. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, katika hospitali moja ya Waafrika hapa Nakuru. Jina la hospitali naliacha, maana si majengo yaliyonikosea. Majina ya watu nitayataja.

Aliyenionyesha kazi ni Sista mkubwa, Mzungu aliyeitwa Sista Crowther. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya walowezi, cha kuamuru tu.

"Saa nane wewe napiga kengele, watu naingia," aliniambia. "Saa tisa napiga tena, watu natoka. Hapana saa tisa na dakika moja. Nasikia?"

"Nasikia, Memsaab."

Nyinyi mnaoshika mageti siku hizi na daftari la kuandika majina, wacha niwaeleze tulivyofanya sisi. Kila kitanda kilikuwa na msumari wake kwenye ubao, na kwenye kila msumari vilining'inia vibati viwili. Kibati ni kipande cha bati kilichopigwa namba ya kitanda. Mgeni ananitajia mgonjwa wake, nampa kibati, anakionyesha mlangoni mwa wodi, na akitoka ananirudishia. Vibati viwili vikishatoka, mtu wa tatu anangoja mmoja atoke. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la pili tu, lakini namba zile nilizijua kama ng'ombe wa baba yangu.

Siku za kuona wagonjwa zilikuwa Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Mgeni haketi kitandani. Haleti uji wala maziwa. Haingii na mtoto mgongoni, na kama ni maombi aombe kwa sauti ya chini. Akina mama walificha vibuyu ndani ya shuka, nami nilivitoa kimoja kimoja na kuvipanga chini ya ukuta mpaka watoke. Walinitukana kwa lugha zao, nyingine nazijua. Watu wa mashambani walikuja na cheti cha bwana chenye ruhusa ya siku moja. Akifika geti saa tisa kasorobo, ana robo saa. Akifika saa tisa, hana kitu. Sikuwa na huruma na sisemi nilikuwa nayo.

Basi mwaka wangu wa tatu mke wangu Tabitha akaletwa kutoka Keringet, kifua kimejaa maji. Akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na nne. Mimi nilikuwa pale pale, hatua mia moja kutoka kitandani kwake, na sikuweza kumwona. Saa ya kuona wagonjwa ndiyo saa yangu ya kuwa geti. Nje ya saa hiyo mtu haingii wodini kama hana kazi huko. Mapumziko yangu yalikuwa Jumatatu, na Jumatatu hakuna wageni.

Nikaenda kwa Sista Crowther, kofia mkononi. Niliomba dakika kumi tu, Jumatatu.

"Wewe askari ya geti," akasema bila kuinua macho. "Kama wewe navunja sheria, nani nashika? Bibi yako iko na sista. Hapana taka wewe."

Nikamwendea Dresa mkuu, Filemoni Wekulo. Dresa ndiye aliyefunga vidonda na kugawa dawa, na huyu alitembea kama wodi zote ni za baba yake. Nilimwomba anishikie geti kidogo tu, siku moja.

"Mimi nishike kengele?" akacheka. "Nimesoma miaka mingapi nije kupanga vibuyu vya uji? Mke wako si wa kwanza kulala, bwana. Rudi getini."

Mtu atauliza kwa nini sikuiacha kazi. Kijana, siku hizo bila kazi hukai mjini. Wangeandika kwenye kipande changu, kile cheti cha kazi, kwamba nimefukuzwa, ningerudishwa juu Keringet, na Tabitha abaki peke yake kabisa. Kwa hivyo nilikaa. Kila alasiri misumari ya wengine inabaki mitupu, wa kumi na nne una vibati vyake viwili, maana ndugu zetu wako mbali, vinagongana upepo ukivuma kutoka ziwani.

Kulikuwa na mama mmoja wa Njoro, Mama Wangeci. Binti yake alikuwa wodi ile ile, lakini vibati vyake vilichukuliwa kila siku na mume na mama mkwe, wasitoke mpaka kengele. Huyu aliyemzaa akabaki nje na mimi, akininung'unikia. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemfukuza kwa kuchelewa dakika chache, naye hakunisamehe. Jumamosi moja nikamwita kando.

"Mama, shika hiki. Kumi na nne. Kwanza umsalimie mgonjwa wa kitanda hicho, halafu uende kwa binti yako."

Akakigeuza kibati mkononi. "Na wa kumi na nne ni nani?"

"Mke wangu."

Alinitazama toka kofia mpaka viatu. "Kumbe hata wewe uko nje," akasema, akaingia.

Alipotoka hakukawia kunipa habari. "Amecheka kidogo. Anauliza kama hilo geti limekuzalia watoto, maana hulitoki."

"Mwambie mimi..."

"Nimwambie nini? Ati una kazi? Anajua."

Ikawa hivyo wiki tatu. Kupitia mama yule nilijua Tabitha amekula, hakula, amegeuzwa ubavu, anataka mafuta ya miguu. Jumapili moja mama akatoka pole pole, akanirudishia kibati bila utani.

"Anasema akisikia kengele anajua ni mkono wako. Lakini ile ya mwisho unaiwahisha. Anaomba uicheleweshe kidogo, tumalize maneno."

Sikuiwahisha. Niliipiga saa tisa kamili, kila siku. Nikamwambia mama, "Tutaona."

Jumatano iliyofuata niliitazama saa ya getini ikifika tisa. Mama Wangeci alikuwa ndani. Mkono wangu uliinuka wenyewe, nikapiga.

Jumamosi ya wiki ile ile Filemoni Wekulo alisimama mlangoni mwa wodi, akasoma kibati, akamuuliza mama yule mgonjwa wake ni nani. Mama hakujua kudanganya. Filemoni akaenda moja kwa moja kwa Sista, na Sista akaja getini.

"Kibati ni ya ndugu ya mgonjwa," akasema. "Tena mara moja, wewe nakwenda na kipande yako."

Tangu hapo vibati vya kumi na nne vilikaa msumarini. Mama Wangeci alisimama nje ya ukuta, haninung'unikii tena. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Mgonjwa akitoka, au akifa, Dresa huja na bakuli la dawa kuchukua vibati vyake vikaoshwe. Anayetoka hupita getini na mzigo wake, namwona. Jumapili ya pili, watu wamejaa wodini, Filemoni alikuja na bakuli, akatoa vibati vyote viwili vya kumi na nne, akavitumbukiza. Hakuna mtu aliyekuwa amepita na mzigo.

"Sista anasema umalize saa," aliniambia. "Halafu uende ukamwone."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Nilipokea vibati, nikatoa vibati, nikamnyang'anya mwanamke kibuyu cha maziwa. Saa tisa nikapiga kengele.

Sista alikwenda kwao Ulaya kabla ya Uhuru. Filemoni alipandishwa cheo akapewa nyumba ya mawe. Mimi nilishika geti lile miaka mingi zaidi, mpaka magoti yakakataa kabla nywele hazijawa nyeupe zote, wakanipa barua ya asante ambayo mwanangu alinisomea. Sasa nakaa mtaa wa Free Area, hapa hapa Nakuru. Nikienda kumwona jirani hospitalini, watu wameketi kitandani wanakula chapati, watoto wanakimbia, na askari wa geti anasikiliza redio. Zamani ningekasirika.

Nimesema nitataja majina. Sista Crowther alininyima dakika kumi. Filemoni Wekulo alinichongea. Wote wawili nimewataja kwa watu miaka hii yote, na kila mara naachia hapo. Lakini ile Jumatano Sista alikuwa ofisini, Filemoni alikuwa upande wa wanaume, na saa ya getini hakuna aliyeitazama ila mimi. Tabitha aliomba kidogo tu. Kengele ilikuwa mkononi mwangu.