Begi Nyuma ya Mlango

Watu huniuliza tuliachanaje bila kurushiana sufuria. Wanataka siri. Siri haipo, tulikuwa tumechoka. Ukichoka kabisa, hata kugombana ni kazi.

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijatulia. Nimepakia mahindi mjini Ziwa, nimepasua kuni Chepsaita, nimeosha viatu vya wakimbiaji kule Kaptagat kwa sababu nilitaka kujua wanakula nini. Wanakula ugali, kama sisi. Kila nikirudi nyumbani Eldoret nilitundika begi langu kwenye msumari nyuma ya mlango. Msichana wetu wa miaka tisa, akitoka shule, aliangalia msumari kabla ya kusalimia mtu. Begi likiwepo, baba yupo. Lisipokuwepo, baba yuko safarini, atarudi.

Mke wangu hushona yunifomu za shule. Siku moja alikata uzi kwa meno, akasema, "Mimi sikuchukii. Nimechoka tu kukungoja." Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Tulikubaliana maneno ya talaka yasiingie ndani ya nyumba. Mmoja wetu akiwa na la kusema, tulitoka tukatembea hadi mtoni na kurudi. Mkitembea hamtazamani kwa jicho baya, na ule mlima wa kurudi hauachi pumzi ya kupaza sauti. Wazee wa pande zote mbili walipotaka kuja kutupatanisha, mke wangu aliwapigia simu akawaomba wapumzike.

Kortini tuliketi benchi moja tukila njugu kutoka karatasi moja. Karani akatutazama sana.

"Mzee, ni nyinyi mnaachana?"

"Ni sisi."

"Wenzenu huwa nawatafutia benchi mbili."

Nikamuuliza kwa nini faili zake zinafungwa kwa kamba. Akaanza kunieleza. Mke wangu akacheka mpaka njugu zikamwagika. "Hata hapa! Hata leo unataka kujua mambo ya kamba!"

Tulipotoka nje hakuwa akicheka tena. "Kitu moja tu nataka. Mtoto umwambie wewe. Ukibeba hiyo begi uende kimya, atafikiri ni safari. Atangoja, vile mimi nimengoja."

Jumamosi nilimkuta msichana uani akipukuchua mahindi. Niliweka begi chini, nikaketi, nikamsaidia. Nilikuwa nimemaliza mahindi matatu yeye alipotangulia kuuliza.

"Safari hii unaenda wapi?"

"Si safari. Nahamia Langas. Mimi na mama yako tumeachana. Sitaishi hapa tena."

Punje ziliendelea kuanguka ndani ya beseni.

"Langas si ni hapa tu?"

"Ni hapa tu."

"Sasa begi ni ya nini?"

Nikasugua kidole gumba kilichochubuka kwa punje. Nikamwambia nitalitundika huko, nyuma ya mlango wangu.

"Na ukienda Kaptagat tena?"

"Nitakuambia kabla sijaenda. Wewe mwenyewe, si kupitia kwa mama."

Alichukua hindi lingine, akaligeuza mkononi. Hakulia. Ningependa alie kidogo, nijue nimemfikia.

"Nitakuja kesho kuona," akasema.

Mchana huo, huko Langas, nilipigilia msumari kwa jiwe, maana nyundo niliiacha kwao. Kabla sijamaliza, dereva mmoja wa lori ninayemfahamu alinipigia simu. Kulikuwa na kazi ya siku nne hadi Lodwar, kutoka alfajiri. Lodwar sijawahi kufika, na kwa miaka mingi nimetaka kuona mchanga wa huko. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye begi. Nikamwambia atafute mwingine. Sitajisifu kwamba ulikuwa wema. Miguu yangu ilikuwa mizito, na nilikuwa nimeshasema maneno yale uani.

Jumapili mama yake alimfikisha getini, akaniuliza kama nimepika, akageuka kwenda zake. Msichana hakunisalimia. Aliingia, akauvuta mlango polepole, akachungulia nyuma yake. Begi lilikuwepo.

Kisha akavua viatu.