Nyumba ya Majibu Kamili

Mwalimu alisema matokeo ya mtihani wa majaribio, ule wa moko, yangetumwa kwenye simu za wazazi saa mbili usiku. Hadi saa tano Rahel alikuwa bado ameishika simu, na chai aliyojimiminia imeshafanya utando. Bintiye Klara, wa kidato cha nne, alikuwa mkekani akijifanya amelala.

Simu ikalia. Masomo yote yalikuwa na nafuu isipokuwa fasihi ya Kiingereza, ambayo ilikuwa na F. Mwalimu alikuwa ameambatanisha picha ya jibu moja, mzazi ajionee mwenyewe.

Klara aliinuka, akaichukua simu, akasoma, akaingia chumbani na kupiga komeo.

"Shule sirudi, mama," alisema kutoka ndani. "Jumatatu naenda Sepuka kwa mjomba Zefania nikalime alizeti."

Asubuhi komeo halikuwa limesogea. Rahel aliacha uji mlangoni, akachukua kitabu cha hadithi alichotahiniwa Klara na simu yake, akaenda kazini. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na nane akiuza vitenge kwenye duka la Sherbanu, mjini Singida. Aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa kile kinachoandikwa kwenye majora ya vitambaa.

Sherbanu alivaa miwani, akaisoma ile picha.

"Swali linauliza kwa nini mwandishi ameandika vipande vya sentensi pale baba wa kijana anapofariki. Klara amejibu kwamba mwandishi hakulelewa vizuri. Halafu amemsaidia kuvimalizia."

Rahel hakucheka. Nyumbani kwake mkubwa akiuliza, mtoto hajibu "Ndiyo" tupu kama anafukuza mbuzi. Husema, "Ndiyo mama, nimeshateka maji." Mama yake alimlea hivyo, naye Klara aliwahi kutolewa nje mara tatu kwa "Ndiyo" moja. Jibu lile la mtihani lilikuwa la kwake yeye Rahel, ila mwandiko ulikuwa wa mtoto.

"Nisomee hapo anapofariki," alisema.

Sherbanu akafungua kitabu, akamfasiria. Mzee ambaye aliuza ng'ombe ambaye alizaliwa mwaka wa njaa ambao watu waliusahau alifariki.

"Ng'ombe kafa?"

"Hapana, Rahel." Sherbanu alichukua rula ya kupimia vitambaa, akafunika katikati ya sentensi. "Haya yote ni ya kumweleza mzee ni nani. Yaweke kando kwanza. Kimebaki nini?"

"Mzee alifariki."

"Ndiyo hiyo sentensi. Sasa ondoa rula, mpe mzee vitu vyake."

Rahel alimpa mzee vitu vyake. Mstari uliofuata ulikuwa mfupi: Viatu vya baba. Mlangoni. Vikavu.

"Vimefanya nini?"

"Havijafanya kitu. Vipo."

"Sasa mtu mzima anaachaje maneno hivyo?"

Sherbanu alivua miwani. "Siku ile aliyofariki mumeo ulinipigia simu. Ulisema, 'Edward. Hospitali.' Je, nilikuuliza sentensi inaishaje? Nilifunga duka nikaja."

Mteja aliingia kuuliza bei ya doti. Rahel alimtajia bei ya kitu kingine.

Jioni uji ulikuwa umenywewa, mlango umefungwa. Rahel alivuta kigoda, akaketi na kuegemea ubao wa mlango.

"Klara, lile jibu nilikufundisha mimi, na nilikufundisha vibaya."

Alipangusa jalada la kitabu kwa upindo wa kanga.

"Yule mwandishi alilelewa vizuri tu. Alifiwa."

Rahel alifungua kitabu, akaweka kadi ya kliniki juu ya mstari badala ya rula, akaanza kusoma Kiingereza kwa sauti, silabi kwa silabi, kama Kinyaturu cha kwao. Alisoma mzee akifariki. Hakuridhika, akarudia.

"Mama, siyo hivyo," sauti ilisema.

"Ni vipi?"

"Acha tu."

Rahel hakuacha. Aliendelea hadi kwenye viatu, akavisoma kwa nguvu zaidi, hata jirani mama Pendo akachungulia dirishani kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Hamna mgonjwa, mama Pendo, tunasoma kitabu."

Akaanza mara ya tatu. Komeo likalia. Klara alisimama mlangoni, nywele zimesimama upande mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Lete hapa. Unamuua huyo mzee kila mara." Alichukua kitabu, akaketi kizingitini karibu na mama yake. "Na sketi yangu ya shule umeiweka wapi?"