Karavani Isiyofika Ufaransa

"Mama, ondoka," Marleen alisema. "Wewe na Baba. Chukueni karavani yenu mwende nje ya nchi, mbali kabisa, na msirudi mpaka wiki ya mwisho."

Dinie Wolbers alikuwa anakoroga supu jikoni kwake, hapo Hengelo, Uholanzi, na kwanza alidhani masikio yake yanamdanganya. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtu gani mwenye akili anamfukuza mama yake wakati kama huo?

"Na mtoto akija mapema?" aliuliza.

"Akija mapema, Wouter yupo. Yeye ndiye mume wangu, si wewe."

"Nimekukosea nini?"

Marleen alivuta kiti akakaa, kwa shida. "Kila asubuhi simu inalia kabla sijanawa uso. 'Amecheza?' Kabla hujauliza mimi ni mzima. Ukishauliza nashika tumbo, natetemeka mpaka jioni. Unaniangalia kama maziwa yaliyo motoni, Mama. Nitapasuka."

"Nakuuliza kwa sababu nakupenda."

"Najua. Nipende ukiwa Ufaransa."

Lambert, baba mtu, aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti, alikohoa na kugeuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

Kulikuwa na sababu, na wote watatu waliijua. Mwaka uliotangulia Marleen alijifungua mtoto wa kiume, wiki nyingi kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa na nywele nyeusi na kucha zilizotimia, lakini hakulia. Walimwita Teun. Dinie na Lambert siku hiyo walikuwa na karavani yao, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, kwenye bonde moja la milima ya Pirenei, mahali pazuri pasipo na mtandao wa simu hata chembe. Habari ilipowafikia, waliendesha gari bila kulala, wakafika jeneza dogo limeshafungwa. Dinie hakuwahi kumwona mjukuu wake ila kwenye picha. Marleen hakumlaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Kwa hiyo Dinie, mwanamke aliyesimama maisha yake yote nyuma ya kaunta ya duka la misumari na rangi, ambaye ukimwambia apumzike anafuta meza, alitoa ahadi mbili: atakwenda mbali, na hatauliza tena lile swali.

Sasa, kupanga likizo kwa akina Wolbers ni kutopanga. Jirani yao Truus huweka nafasi tangu Januari, kiwanja kilekile cha Italia, hatua chache kutoka vyooni, na hukutangazia habari hizo kwenye ua kama mtu aliyeposwa. "Yule hasafiri," Lambert husema, "yule anahamisha nyumba." Wao husubiri shule zifunguliwe na makambi yapungue watu. Huondoka baada ya kahawa. Mchana ukianza kuinama hutafuta kambi yoyote ya watalii: mmoja hubaki na gari langoni, mwingine huingia kwa miguu kutazama kivuli, upepo na vyoo. Pakiwapendeza, wanakaa. Mvua ikija, wanafunga virago na kulifuata jua. Hawajawahi kumpigia mtu simu kumwomba awawekee nafasi. Waliwahi kulala nyuma ya kiwanda cha sukari kwa sababu ya kiburi hicho, na hadithi hiyo huisimulia kwenye kila sherehe ya kuzaliwa mpaka wageni wanaijua kwa moyo.

Lambert alitandaza ramani mezani siku ileile. Kidole chake kilishuka taratibu: mto Mosel huko Ujerumani, kisha Burgundi nchini Ufaransa, "halafu tutaona." Dinie naye aliinamia ramani, lakini macho yake yaliganda Enschede, mji wa jirani, kwenye hospitali atakayojifungulia Marleen, na duara aliyokuwa anaichora kichwani kuizunguka.

"Tusiweke nafasi popote," alisema kwa moto ambao ungemtia mume mwingine wasiwasi. "Mtu akiweka nafasi amejifunga. Tukae tayari kugeuka wakati wowote."

Lambert alimbusu kwenye paji la uso. Maskini, alidhani anaungwa mkono.

Mosel walifika kweli. Zabibu zilikuwa zimeiva kwenye miteremko, na Dinie alimpiga mumewe picha mpaka mzee wa watu akachoka. Kwenye mizabibu, kando ya mto, ana glasi mkononi, hana glasi. Mara tatu alimwambia abadilishe shati.

"Tunapiga picha za harusi?" Lambert aliuliza.

"Vaa ile ya mistari. Inakupendeza."

Kuanzia hapo hila zikaanza. Zamani kazi ya kuingia kambini kukagua ilikuwa ya Lambert. Safari hii Dinie aliruka garini kabla halijasimama vizuri. Aliingia, akasimama nyuma ya vyoo kwa muda wa kutosha kuaminika, akarudi anatikisa kichwa. "Pachafu." Mahali pengine pakawa na upepo. Pengine mbwa. Ufaransa, alisema, kunanyesha mfululizo. Na kwa kuwa Lambert hakutaka kusikia sauti ya mashine ikimwelekeza njia, ramani ilikuwa mapajani mwa mkewe, naye alikwenda alikoambiwa. Kila siku karavani ilisogea kidogo kaskazini, kuelekea walikotoka.

Picha za mizabibu zilikwenda kwa Marleen moja moja, kana kwamba zimepigwa Burgundi. Leo shati la buluu, kesho la mistari. Marleen alijibu kwa vicheko, na siku moja akapiga simu mwenyewe.

"Mama, sauti yako imetulia. Burgundi inakufaa."

"Ndiyo," Dinie alisema. Swali lilikuwa limeshamfika kwenye meno. Aling'ata ulimi. Ahadi ile moja aliitunza, na kila alipoitunza roho ilimruka, kwa sababu sasa alikuwa anaogopa bila hata kujua kama ana sababu.

Kisha Septemba ikaisha, na makambi yakaanza kufunga. Walikuta lango lenye mnyororo, la pili lina mnyororo, la tatu mwenyewe ameshakwenda kwa dada yake mpaka masika. Lambert akaanza kunyamaza, na Lambert akinyamaza ujue anafikiri. Hatimaye wakapata kambi ndogo yenye wastaafu wachache wa Kijerumani na kundi la mabata bukini wakali. Lambert alishuka, akanyoosha mgongo, akatazama juu ya miti. Juu ya kilima palikuwa na ngome ya mawe. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Dinie. Ile ni ngome ya Bentheim, hapa mpakani na kwetu. Nilikuwa nakuja hapa na baiskeli nikiwa kijana."

Dinie alikunja ramani.

"Tuko nusu saa kutoka nyumbani!"

"Nusu saa kutoka hospitali," alisema.

"Na Marleen anajua tuko wapi?"

"Burgundi."

"Burgundi! Na mimi nimevaa shati gani huko Burgundi?"

Lakini hakucheka. Aliketi kwenye ngazi ya karavani na uso wake ukawa wa mtu mgonjwa. "Mwaka mzima huu Marleen ameomba kitu kimoja tu. Kimoja. Akijua umemdanganya, safari hii hatakufukuza kwa wiki chache. Atakufungia mlango, na nitasimama nje pamoja na wewe."

"Nilikuwa mbali mara ile, Lambert. Sikumwona hata kucha. Mguu wangu haukubali kwenda tena, sasa nifanyeje?"

"Ungemwambia hivyo yeye."

"Angenionea huruma, halafu angenikubalia, halafu angekuwa anatetemeka mpaka jioni. Si ndiyo alivyosema?"

Lambert aliinuka ngazini. Alisema tu kwamba kesho asubuhi wanakwenda Ufaransa, safari hii kweli, na ramani ataishika yeye. Dinie alikubali shingo upande. Alituma picha ya mwisho ya Mosel, glasi mkononi. Marleen hakujibu.

Asubuhi bado alikuwa hajajibu. "Amelala," Lambert alisema, akipandisha miguu ya karavani. Nyasi zilikuwa zimelowa umande. Alirudisha gari nyuma, akaunga karavani, akachomeka waya wa taa, na Dinie alisimama pale na simu kiganjani akiitazama mpaka herufi zikamchezacheza. Karavani ilikuwa imeshatoka kiwanjani, iko katikati ya njia, simu ilipolia.

"Mama? Usishtuke." Sauti ya Marleen ilikuwa nyembamba. "Niko hospitali. Chupa imepasuka alfajiri."

Dinie alishika ubavu wa karavani.

"Mapigo ya moyo wake yalishuka. Yamepanda tena. Lakini wanatazamana, Mama. Wanadhani siwaoni wanavyotazamana." Alivuta pumzi. "Mwambie Baba asiendeshe kwa kasi. Hamtawahi, najua. Nilitaka sauti yako tu. Nilikosea kukufukuza. Natamani ungekuwa hapa."

Hapo palikuwa na mlango mwepesi, na Dinie aliuona. Angeweza kusema "tunakuja," akaketi na mabata bukini mpaka mchana, kisha akaingia hospitali na uchovu wa kuigiza, na binti asingejua kamwe. Angebaki mama mwema aliyekimbia kutoka Burgundi. Ila mtoto angekuwa ameshazaliwa, kwa heri au kwa shari, naye asingekuwepo kwa mara ya pili.

"Marleen," alisema. "Siko Ufaransa. Niko Bentheim."

Kwenye simu ilisikika mashine ikipiga mapigo, haraka haraka.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Kabla ya hapo nilikuwa nazungukazunguka."

"Na picha?"

"Zote za Mosel. Nilikuwa nambadilisha baba yako mashati."

Ikatoka sauti ambayo Dinie hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio. "Wewe muongo, Mama. Muongo mkubwa. Nilifurahi siku zile. Nilifurahi kweli, na wewe ulikuwa unanichezea!" Uchungu ukamjia, ukamkata maneno, na Dinie akasikiliza binti yake akihema, akihema, bila kuweza kufanya lolote. Ulipopita, Marleen alisema neno moja.

"Njoo."

Lambert alikuwa ameshaanza kufungua kiungo cha karavani. Mwenye kambi, mama mnene mwenye mabuti ya mpira, alikuja mbio akipayuka kwamba hawawezi kuacha nyumba nzima katikati ya njia yake. "Mjukuu anazaliwa!" Dinie alimpigia kelele, na yule mama akageuka papo hapo akaanza kuwapayukia wastaafu waje kusukuma. Mabata bukini walilifuata gari mpaka langoni.

Barabarani ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Mbele yao trekta lilikokota tela lililojaa, pole pole, limeziba njia yote. Lambert hakuwahi katika maisha yake kulipita gari mahali pasipoonekana mbele. Alilipita. Dinie alifumba macho, na alipoyafumbua walikuwa wameshavuka mpaka.

Wouter alikuwa mlangoni mwa wodi, mweupe kama ukuta. Ruhusa ilikuwa ya mtu mmoja tu, kwa hiyo Lambert akabaki ukumbini na kofia yake. Ndani, Marleen hakumsalimu mama yake. Alimtazama, nywele zimemgandama usoni kwa jasho, akanyoosha kidole kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango.

"Kaa pale. Na usiulize kitu."

Dinie akakaa. Aliweka mikono katikati ya magoti na kuibana. Mashine ilipiga, ilipiga, kisha ikaanza kuchelewa. Daktari akaingia, na wengine wawili nyuma yake, na hakuna aliyekuwa anatembea polepole. Mtu alisema neno "sasa." Marleen alimkamata Wouter shingoni na kulia kwa sauti ambayo Dinie hakuwahi kuisikia kwake tangu amzae, na kila kiungo cha Dinie kilitaka kuinuka, naye akakikatalia. Aliambiwa akae. Alikaa.

Halafu watu wote kitandani wakanyamaza.

Dinie aliona migongo tu. Aliona kiwiko cha daktari kikisugua kitu, kikisugua tena. Hakuomba Mungu wala hakuwaza. Alikuwa ameshika pumzi, na alihisi kwamba akiiachia ndiye atakayekuwa ameharibu kila kitu.

Mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kwa sauti iliyopasuka, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Daktari alimlaza kwenye kifua cha mama yake: msichana, mwekundu, ngumi zimekunjwa. Wouter aliangua kilio na yeye. Kwenye kiti chake Dinie alilowa machozi mpaka shingoni, lakini hakuinuka, maana hakuna aliyemwita.

"Bado nimekukasirikia, Mama," Marleen alisema, bila kuondoa macho kwa mwanawe.

"Najua."

"Nitakukasirikia siku nyingi."

"Sawa, mwanangu."

Mtoto alizidi kupiga kelele mpaka ukumbini wakamsikia. Wouter aliinama, akaanza kumpigapiga mgongoni kwa kidole kimoja. "Shh, shh, mpenzi wa baba. Nyamaza."

"Mwache," Marleen alisema. "Mwache alie."