Mama Mkwe Ananiita kwa Jina la Marehemu

Admin, nifiche vizuri, maana Kiptere ni ndogo na mama mkwe wangu ana marafiki wenye simu.

Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa huku kwenye mashamba ya chai kitambo. Mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa Kericho mjini. Nyeri, kwa asili yetu, nimeenda mara moja tu, mazishini. Lakini mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao, hajawahi kutaja jina langu. Mimi ni "huyu wa Nyeri." "Huyu wa Nyeri ameweka chumvi nyingi." Nilizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana.

Mwaka jana Kogo alianza kushika sufuria ya moto bila kitambaa. Majirani wakamsifu: "Hiyo ndiyo mikono ya mchuma chai, haichomeki!" Naye akajivunia. Kisha akawa anashikilia michai akitembea, ati kilima kimeanza kuyumba. Bwanangu, anayefanya kazi Sigor, akasema kwa simu, "Ni uzee tu." Uzee hubebeshwa kila kitu, kwa sababu haujibu.

Halafu siku moja akaniita Chelang'at. Chelang'at alikuwa binti yake. Tulimzika kabla sijapata mtoto wa kwanza. "Chelang'at, kaa hapa." Nikakaa. Akanitoa majani kwenye nywele, akaniuliza kama nimekula. Miaka yote hiyo hakuwa ameniuliza. Sikulia. Nilikuwa na ganzi kama vidole vyake.

Nilimpeleka hospitali. Daktari hakutaka kusikia habari ya uzee. Alisema kizunguzungu, ganzi na kuchanganyikiwa vinaweza kuletwa na mambo mengi: presha, sukari kushuka, chumvi ya damu kupungua, ugonjwa wa mkojo, hata kiharusi kidogo. Akampima. Ikawa damu imepungukiwa na vitamini B12, na dawa ya sukari anayomeza miaka mingi huenda imechangia. Akaandikiwa sindano. "Akili inaweza kurudi, mama," daktari akaniambia. Nikasema asante.

Sindano hatujakosa hata moja. Wiki iliyopita Kogo alishika kikombe, akakiachilia. "Woi! Inachoma!" Watoto wakacheka, naye akacheka. Sasa anajua ng'ombe gani ana mimba na jirani gani hajarudisha panga lake. Wageni wa kanisa wakija, mimi ni huyu wa Nyeri tena, na chumvi yangu imerudi kuwa nyingi.

Lakini wakienda, tukibaki wawili jikoni, anasema polepole, "Chelang'at, lete kiti." Na ananiangalia machoni.

Jumatatu tunarudi kliniki. Daktari ataniuliza mimi, maana mimi ndiye ninayekaa naye: bado anachanganya watu? Nikisema ndiyo, na kumbe anajua anachosema, watampima kichwa bure, na kwa aibu hataniita hivyo tena. Nikisema hapana, na kumbe ni ugonjwa, nitakuwa nimemficha daktari kwa ajili ya jina lisilo langu. Kumuuliza mwenyewe naogopa. Atajibu.

Nyinyi mnaoishi na wakwe, nishaurini: nimwambie daktari nini? Nitasoma comments zenu baadaye. Kuna mtu anaitwa huko jikoni, wacha niitike.