Kioo Kikubwa Kuliko cha Jirani

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kompyuta zote za Shinyanga ungeweza kuzipakia kwenye mkokoteni mmoja wa punda, na nafasi ikabaki ya kuwapakia wenye nazo. Kwa bahati yangu mbaya, mbili kati ya hizo zilitazamana. Moja ilikuwa kwenye studio yangu ya picha pale Kambarage. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye studio ya mtu niliyesoma naye shule ya jioni.

Tulikaa dawati moja, wanaume wawili wenye ndevu, magoti yakigonga ubao kwa sababu madawati yalikuwa ya watoto. Tulihitimu pamoja. Alinizidi Hesabu. Alinizidi mwandiko. Alinizidi hata urefu, jambo ambalo mwalimu hakulifundisha. Nilivumilia yote hayo kwa moyo mkunjufu, mpaka aliponizidi kioo.

Kazi yetu wakati ule ilikuwa imebadilika. Kupiga picha peke yake hakukutosha tena. Mteja alileta picha kuukuu, tukaipitisha kwenye skana ikaingia kwenye kompyuta, tukafuta mikwaruzo, tukamtoa shangazi asiyetakiwa, tukamvisha mtu suti, kisha tukachapa upya. Yote hayo unayafanya ukitazama monita. Kile kioo kikikudanganya, na wewe unamdanganya mteja.

Monita yangu ilikuja pamoja na kompyuta ya mtumba niliyoinunua Mwanza. Ilikuwa ndogo kama dirisha la choo, na imechoka. Bibi harusi, padri, mtoto mchanga, wote walionekana kana kwamba wana homa ya manjano. Ya jirani ilikuwa pana, nayo aliigeuza itazame mlangoni, ili mpita njia aone nyuso za watu zinang'aa mle ndani. Wachimbaji wa dhahabu kutoka Nyarugusu, waliozoea kushuka stendi wakaja moja kwa moja kwangu na suti zao mpya, sasa walisimama mlangoni pangu kuuliza njia.

"Fundi, eti yule mwenye kompyuta kubwa ni wapi?"

Mimi nainua kidole na kuwaonyesha. Kidole kile kilikuwa kizito kuliko gunia la pamba.

Lakini hayo yalikuwa mambo ya biashara. Jambo lililonichoma hasa lilianzia nyumbani, siku mke wangu aliporudi kutoka kwao akiwa na picha ndani ya Biblia. Baba yake, mkwe wangu, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Mzee yule alikimbia kamera maisha yake yote. Alibaki kwenye picha moja tu ya rangi, iliyopigwa kwenye harusi ya mtu, amesimama pembeni kabisa na kofia yake, nusu ya bega imefunikwa na mwanamke mwenye sinia. Mama mkwe alitaka mzee huyo atolewe mle, akuzwe, awekwe kwenye fremu, atundikwe ukutani kabla ndugu hawajakusanyika kumaliza msiba.

"Nitaipeleka kwa shemeji," mke wangu akasema.

"Shemeji gani?"

"Shemeji wa ng'ambo. Kioo chake kinaonyesha."

"Na mimi mumeo nina nini pale studio? Banda la kuku?"

"Mume wangu, chako kinampa kila mtu ugonjwa. Baba amekufa tayari, usimwongezee."

Nikamwomba aniachie picha ile kwa wiki moja tu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama fundi cherehani anayeahidi kesho, lakini akaniachia. Basi nikajua: mkwe wangu akitundikwa na mkono wa yule mtu wa ng'ambo, nitamwangalia ukutani kila sikukuu mpaka na mimi nitundikwe.

Nilikuwa na dume moja la ng'ombe kwa kaka yangu kijijini. Likaenda mnadani. Nikaingia dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale mjini, aliyeuza redio, cherehani na televisheni, na siku hizo alikuwa ameanza kuleta vitu vya kompyuta. Alizaliwa palepale, Kisukuma anakiongea kuliko wanangu.

"Mwangaluka," akanisalimia. "Leo unataka nini, mpiga picha?"

"Monita. Ya jirani yangu ni inchi ngapi?"

"Ya jirani yako inahusu nini? Unatengeneza harusi, au sura, au maandishi?"

"Sura. Nipe inayomzidi."

Alikuwa nazo tatu. Akaziwasha zote, juu yake taa ndefu za mrija zikiwaka kama mchana wa pili. Usinidhanie mjinga, nilikwenda na picha ya mke wangu niliyoipiga mwenyewe, na faili lake kwenye disketi, nikaishika karatasi kando ya kila kioo kulinganisha ngozi. Ya kwanza ilimpausha. Ya pili, ya ukubwa wa kati, ilimtoa sawasawa, mpaka kipele cha shavuni. Ya tatu ilimtoa na ubluu kidogo, kama mtu aliyekaa sana kwenye maji. Lakini ya tatu ilikuwa kubwa. Ilikuwa kubwa namna ambayo ukikaa mbele yake unajisikia umeitwa na mkuu wa wilaya.

"Chukua hii ya kati," mwenye duka akasema.

"Hii kubwa mbona ina rangi ya maji?"

"Ina nailoni juu ya kioo, ya kuzuia mikwaruzo safarini. Ukifika nyumbani, bandua. Hapo itakuwa safi."

Nikamwambia sawa. Nilimsikia vizuri kabisa. Ila mtu wa kwetu ukimwambia abandue nailoni kwenye kitu kipya, ni kama umemwambia avue suruali barabarani. Kwetu baiskeli mpya huendeshwa na makaratasi yake kwenye fremu mpaka yaoze yenyewe. Makochi yangu yalikuwa na nailoni tangu harusi. Wakati wa joto wageni walinyanyuka na sauti ya mtu anayechunwa ngozi, wala hakuna aliyelalamika. Nailoni ndiyo inayomwambia mpita njia kwamba kitu hiki ni kipya, na aliyekinunua ni wewe wa kwanza. Na monita ya jirani yangu, pamoja na upana wake wote, ilikuwa mtumba.

Nikaifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mipira minne. Tairi ikakaa chini kama mbuzi anayejifungua. Nikasukuma mpaka Kambarage, nikipita kwa makusudi upande wa ng'ambo.

Nilipoiweka mezani niliigeuza itazame barabara, nailoni yake ikimeta. Wakaja watu. Akaja hata yeye, mikono mfukoni.

"Hongera, mwanafunzi mwenzangu," akasema. "Mbona hujamvua nguo?"

"Yangu imekuja na nguo. Yako ilikuja uchi."

Watu wakacheka. Akainama akatazama kile kioo kwa karibu. "Nakwambia kwa wema, bandua. Itakusumbua kwenye rangi."

"Sawa, shemeji," nikasema, na neno hilo nililisema kwa namna ambayo lingeweza kukausha kisima. Nilimwona akiondoka, nikasema moyoni, leo na yeye ameonja wivu.

Nikaanza kazi ya mkwe wangu. Nilimtoa yule mwanamke mwenye sinia, nikamtengenezea mzee bega jipya. Kofia nikaiacha. Kovu la juu ya jicho nikaliacha. Ila uso wake pale kwenye kioo ulikuwa na ubluu, kwa hiyo nikaongeza wekundu, nikaongeza tena, mpaka akakaa vizuri, mweusi wa kung'aa kama alivyokuwa. Nikabonyeza kuchapa.

Karatasi ilitoka na mzee mwekundu. Si wekundu wa aibu; wekundu wa udongo wa machimboni. Nikalaumu wino, nikabadilisha wino. Mwekundu. Nikalaumu karatasi. Mwekundu. Kwenye kioo yuko sawa, kwenye karatasi kama ametolewa tanuruni. Nilikuwa bado nalaumu umeme mke wangu alipoingia.

"Huyu nani?"

"Baba yako."

"Baba yangu alikuwa mweusi."

"Ni mwanga tu huo."

"Mwanga gani unaomkaanga mtu?"

Hakupandisha sauti. Aliichukua ile picha ya harusi, akavuka barabara. Nilisimama mlangoni nikamwona yule bwana akimpangusia kiti kwa leso yake. Leso yake mwenyewe. Nikamwona mke wangu anacheka, kicheko ambacho mimi nilikuwa sijakisikia tangu mvua za masika. Walikaa mle muda wa kuchemsha maharage makavu mpaka yakaiva, na mimi huku sikuweza hata kukaa.

Aliporudi alikuwa na picha ndani ya bahasha. Mzee yuko pale, safi, rangi yake. Jirani alikuwa amemvua kofia, amempa nywele, amefuta kovu, amemvisha suti na tai kama anavyowavisha wateja wake wote.

"Amependeza," nikasema, na meno yangu yaliuma.

Mke wangu aliiweka bahasha mezani. Alisogea kwenye monita yangu, akapeleka ukucha kwenye kona, palipokuwa na kipovu cha hewa.

"Shemeji amesema hii itoke."

"Itachubuka."

Akavuta. Nailoni ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, na mbele ya macho yangu mkwe wangu akageuka tofali. Ubluu haukuwa wa mzee hata kidogo; ulikuwa wa nailoni. Nilikaa chini. Mke wangu akavuta kigoda, akakaa kando yangu.

"Haya," akasema. "Mrudishe."

Tukamrudisha pamoja. Yeye akisema, hapana, baba alikuwa mweusi zaidi hapa chini ya jicho; mimi napunguza mwanga. Kioo kile, bila nguo, kilikuwa kioo haswa. Karatasi ilipotoka alikuwa mzee yuleyule, na kofia, na kovu, na vumbi kidogo ambalo mke wangu alikataa nilifute.

Zikaenda zote mbili kwa mama mkwe. Nilikaa mbali naye kwa heshima, kwenye kigoda karibu na mlango, nikamwacha mke wangu ampe bila kumwambia ipi ni ya nani. Mama akazitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye wa kuonyesha wageni," akasema, akainua ile ya suti. Ikatundikwa sebuleni, katikati ya ukuta. Ile nyingine aliifunga kwenye khanga, akaingia nayo chumbani kwake, akafunga mlango.

Njiani mke wangu akaniambia nimeshinda. Nikamuuliza, nimeshinda mbele ya nani? Chumbani kwa mama mkwe anaingia nani, zaidi ya mama mkwe?

Sikukuu iliyofuata nikakaa sebuleni kwa mama mkwe, chini ya ile picha ya suti. Mgeni mmoja, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Runzewe, akaisifu mpaka chakula kikapoa.

"Picha imetulia hii. Nani aliitengeneza?"

"Fundi mmoja wa Kambarage," nikasema, nikiutazama wali wangu kwa makini.

"Ni wewe, nini?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mama mkwe ikatoka chumbani. "Si yeye. Ya kwake ninayo huku."

Wageni wote wakageuka kutazama ule mlango. Ulikuwa umefungwa.