Upepo wa Kingi kwenye Ncha ya Mirihi

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa huduma, yaani mkuu wa ofisi yetu ya hali ya hewa, alinipa kitambaa nifute vumbi jeusi la Goma, lililokuwa limeingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta. Nilipomaliza kufuta, akanipa sayari.

"Hii njo Mars," akasema, akinigeuzia kioo. "Ncha yake ya kusini iko ya kwetu. Wenzetu wa ng'ambo wamegawana sehemu zingine. Usiiangushe, dada."

Mirihi, yaani hiyo Mars, hakuna aliyeikanyaga. Kazi yetu ilikuwa kuiigiza kwa hesabu. Tuliikata hewa yake katika tabaka, moja juu ya nyingine kama magodoro, na kompyuta ikapiga hesabu ya joto na upepo wa kila godoro, hatua kwa hatua, mpaka mwaka mzima wa huko upite. Sayari hiyo ya hesabu tuliiita modeli. Vijana mnaoingia kazini leo mnaikuta imeshapangwa. Sisi tuliipanga kwa mikono yetu, nami naona fahari kulisema.

Shefu alikuwa mtoto wa Walikale, mwana wa wakulima wa msituni, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alinituma kwanza Omate, katika msitu huo wa kwao, kwenye kituo chetu cha kupima hewa karibu na mashimo ya wachimbaji. Modeli ilipaswa kujaribiwa hapa duniani kabla ya kuaminiwa kule juu, na vipimo vya Omate ndivyo pekee vilivyokuwa havijaharibika. Wachimbaji walinicheka kila asubuhi.

"Mama Upepo! Leo umepata kilo ngapi?"

"Yangu haina mizani, kaka. Na haibomokeake juu ya kichwa ya muntu."

Walicheka, lakini hakuna aliyewahi kugusa chombo changu.

Modeli ilikubaliana na Omate vizuri kabisa. Shefu akafurahi, akaamua kwamba godoro la chini, lenye unene wa mti mrefu, linatosha. Tukaipeleka modeli kwenye ncha ya Mirihi, na huko ikashindwa. Picha za chombo kinachoizunguka sayari zilionyesha vumbi jeusi ambalo gesi hulirusha majira ya kuchipua, barafu inapoanza kugeuka hewa. Vumbi hilo lilitandazwa na upepo ulioshuka kutoka kwenye barafu ukapinda kushoto. Katika modeli yetu upepo ulijikokota tu, huku na kule, kama mtu asiyejua nyumba anayoitafuta.

Kisha ukaja ujumbe wa wenzetu wa ng'ambo. Kompyuta kubwa ilikuwa kwao, na muda wetu uliosalia ulitosha hesabu moja ndefu tu. Upepo usipolingana na picha, ncha ya kusini ingepewa kundi lingine, nasi tungebaki kutangaza mvua.

Shefu aliuliza nini kibadilishwe. Wenzangu wakataja barafu, wakataja vumbi. Mimi nikataja msitu.

"Shefu, tulijaribu modeli mu pori. Miti ya Walikale inashikaka hewa. Kule Mars hakuna ata muti moja. Iko kama malisho ya kwetu Kingi, kule Masisi."

"Unatukana pori yetu?"

"Hapana. Kivuli yake ninaipenda sana."

"Na kwenu Kingi upepo inapitaka fasi gani?"

"Kwenye miguu, Shefu."

Watu wakacheka. Shefu hakucheka. Njia ya Masisi ilikuwa wazi juma hilo, akaniambia twende. Tulinunua mikate njiani, pale Sake, tukalala Kingi kwa mama yangu, na alfajiri tukasimama kwenye mteremko wa malisho. Mama aliwasha moto wa majani mabichi, akimtazama mgeni wake kwa jicho la pembeni.

"Papa Shefu, munatafuta upepo ya Mars? Na hii ya hapa mumeimaliza?"

Moshi haukupanda. Ulilala chini, ukateremka polepole kuelekea bondeni kama maji mazito, ukipita kwenye magoti yetu. Hewa iliyopoa usiku huwa nzito, na mteremko usio na miti huiachia njia. Shefu aliinama, akauingiza mkono kwenye moshi, akauinua juu yake, akaurudisha. Chini baridi, juu vuguvugu.

"Godoro yetu iko munene sana," akasema. "Upepo yote inapotelea mule ndani."

Tuliporudi Goma tulilipasua godoro la chini kuwa mashuka membamba. Mashuka membamba hudai hatua fupi za hesabu, la sivyo namba hulipuka na kompyuta husimama. Kwa hiyo tuliuweka muda wetu wote pale, bila akiba. Matokeo yalipofika, Shefu aliyaweka juu ya picha. Upepo ulishuka kutoka kwenye barafu, ukapinda kushoto, ukalala sawasawa juu ya vumbi jeusi. Ncha ikabaki yetu.

"Yale mashuka tutaita Kingi," akasema. Kisha akaona namba ya miti, ile ya kuonyesha msitu unavyoshika hewa, nayo imewekwa sifuri. "Na hii?"

"Hiyo tutaita Walikale, Shefu."

"Dada! Walikale yangu unaipa sifuri?" Alicheka mpaka akavua koti.

Nilirithi kiti chake, na juzi nami nilikiacha. Sasa naishi Kingi, nalima maharage mteremkoni. Vijana wa nchi nisizozijua hufungua modeli ile na kuandika Kingi, kisha Walikale, sifuri, bila kujua kama ni vijiji au ni watu. Asubuhi nawasha moto, moshi unanipita magotini ukienda bondeni, nami najua mahali pengine upepo huu unapopita.