Vyumba vya Wakimbiaji

Kila mji wetu unapotaka kualika mashindano ya mataifa, nasikia watu redioni wakibishana kama mji utapata faida au utaachiwa takataka za kufagia. Mimi huzima redio. Nairobi iliwahi kualika nikiwapo, miaka ile ya hamsini, na najua ilichopata kwa sababu mimi ndiye niliyeinjika chungu.

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa mgeni. Nilikuja kwa treni kutoka magharibi, bibi arusi, na kuku wawili kwenye tenga, kumfuata mume wangu aliyekuwa tarishi katika ofisi moja katikati ya mji. Chumba hakuwa nacho. Alilala kwenye boi-kota, chumba cha watumishi, cha kaka yake, mpishi wa Wazungu huko Kilimani, na memsahibu alikwisha kusema kwamba mke wa tarishi ni wa kutembea tu, si wa kukaa. Miezi mitatu ikiisha, nirudi nyumbani nikalime. Ilikuwa zama za Hali ya Hatari, na neno kama hilo halikujibiwa. Nililia, lakini kimya kimya, maana shemeji yangu alikuwa na ulimi.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya riadha ya nchi jirani, kwenye uwanja wa maonyesho kando ya Ngong Road, pale panapoitwa Jamhuri siku hizi. Wangekuja wakimbiaji kutoka Uganda, Tanganyika na visiwani. Hoteli za mjini hazikumlaza Mwafrika hata akimbie namna gani, kwa hiyo vikajengwa upesi upesi vyumba vya mawe nyuma ya uwanja. Jumapili moja tukitoka kanisani tulivipita. Niliona mlango wenye komeo, dirisha, na jiko pembeni. Nilikitamani chumba kimoja hadi nikaona haya.

"Wakimaliza mbio, vyumba watapewa wafanyakazi wa uwanja," mume wangu alisema.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akadakia shemeji. "Lakini mwenyeji ni mji, shemeji. Wewe utapona nini?"

Nilimjibu kwa vitendo. Uwanja ulikuwa unatafuta wanawake wa kupika kwenye masufuria makubwa, nami nikaenda kujiandikisha pamoja na wenzangu wa kanisani. Nikapewa moto wa timu ya visiwani. Siku ya kwanza stoo ilitoa unga na maharage tu, pamoja na mboga za akina mama wa Uthiru. Niliona aibu. Kwetu mgeni hapewi maharage, mgeni huchinjiwa kuku, na firigisi ni ya mkubwa wao. Tulijua watu wale ni Waislamu, na tukajihadhari sana: sufuria niliisugua kwa majivu mara nyingi, isije ikawa iliwahi kuguswa na nguruwe. Tuliogopa nguruwe tu, basi. Mume wangu akamshika kuku mmoja kati ya wale wawili, akamchinja kama baba yake alivyomfundisha.

Nilipakua kwa madaha. Firigisi nikaiweka juu ya mchuzi mbele ya nahodha, kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Akaitazama.

"Dada, kuku huyu kachinjwa na nani?"

"Ni mimi mwenyewe," mume wangu akasema, kifua mbele. "Kwetu mgeni hachinjiwi na mwanamke!"

Nahodha aliinua bakuli kwa mikono miwili, akanirudishia kama mtu anayekabidhi mtoto. "Heshima tumeiona, dada, na Mungu akulipe. Kula tu ndiko hatuwezi." Halafu akaumega ugali, akala na mboga, akazisifu zile mboga hata nikatamani ardhi ipasuke. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Chumba nilikwisha kukiaga.

Kesho yake asubuhi nahodha alinikuta nachochea moto. Aliniuliza kama ninaye kuku mwingine, aliye hai. Nilikuwa naye. Akamchukua taratibu, akamwelekeza kibla, akalitaja jina la Mungu, akachinja. Mchana timu nzima ikachovya mchuzi wa kuku mmoja, wakacheka, wakalamba vidole. Firigisi nahodha hakuila. Alimpa mume wangu, mbele ya watu wote. Sijapata kuona adabu iliyozidi ile, na nimekula na watu wengi.

Baada ya hapo nikamwuliza: mbuzi wa uwanja wakiletwa, kwa nini asiwachinje yeye wote? Sisi wa kanisani hatuchagui mkono. Alikubali. Ile mioto iliyowashwa mbalimbali kwa kila timu ikazimwa mmoja mmoja, hadi ukabaki moto wangu. Waganda, Watanganyika, watu wa visiwani, vibarua wa Ukambani waliopaka mawe chokaa, wote walikula chungu kimoja. Sijui nani alishinda mbio zipi. Mimi nilikuwa naangalia sahani.

Wageni walikwenda zao. Majukwaa ya mbao yalibomolewa, mvua ikachimba mashimo kwenye barabara mpya, bendera zikawa matambara ya kufutia madirisha. Anayetaka kusema mji ulipata hasara, ushahidi anao. Lakini vibarua walibaki, Wakristo na Waislamu, na walikuwa wamezoea kula pamoja. Nilifunga safari hadi Kibera, nikamwomba mzee mmoja wa Kinubi, Mwislamu, awe anakuja kutuchinjia. Akakubali, na chungu changu hakikupoa.

Siku ya mwisho ya miezi ile mitatu, tenga langu likiwa tupu na nguo zimefungwa, msimamizi Mzungu wa uwanja alikuja jikoni na ufunguo. Mume wangu alikuwa amekuja kunisindikiza stesheni. Akaunyooshea mkono ule ufunguo.

"Hapana wewe," Mzungu akasema. "Chumba ya mpishi. Wewe nafanya kazi mjini. Hapa wewe mgeni tu."

Shemeji yangu alipopata habari alicheka hadi memsahibu akatoka kuuliza kuna nini. Mimi sikucheka. Nilifungua mlango, nikafunga, nikafungua tena. Kwenye msumari ukutani mkimbiaji mmoja alikuwa amesahau kamba ya kiatu, nami nikaiacha palepale.

Jioni mume wangu alikuja na blanketi lake begani. Alisimama nje ya komeo langu, akakohoa, akapiga hodi. Nilimsikia vizuri sana. Nikamwacha apige tena.